Mpe Mteja Mgongo

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba wewe na Mama bado mnasalimiana asubuhi. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na huyo jirani anafuga jogoo asiyejua saa. Mlango haufungiki mpaka uuinue kidogo kwa goti. Nimeshauzoea.

Usishangae kuona barua. Mama aliniambia nikupigie simu, lakini wewe kwenye simu ukielekea kushindwa hoja unasema mtandao mbaya. Barua huwezi kuikata.

Kazi nimepata, ya uhudumu kama nilivyotaka, kwenye mgahawa mkubwa wenye feni za darini na vitambaa mezani. Sasa sikiliza utaratibu wa hapa, maana wewe umefanya kazi hii maisha yako yote na sidhani uliwahi kuuona. Nafasi za kudumu ni mbili, na sisi tuko watatu kwenye majaribio. Mwenzangu mmoja tunamwita Tabasamu, kwa sababu meno yake hufika mezani kabla ya menyu. Mwingine ni Kimya, mwanamume mpole ambaye hata akikanyagwa huomba radhi yeye. Pembeni ya kaunta kuna rafu, na juu ya rafu kuna makopo matatu ya maziwa ya unga, kila moja limebandikwa picha ya mwenyewe. Bakshishi ya mteja inaingia kwenye kopo la aliyemhudumia, na kopo halifunguliwi mpaka mwisho wa mwezi. Siku hiyo Meneja anayabeba makopo hadi jikoni na kuyapima kwenye mizani ya nyama. Hahesabu, anapima. Anasema bakshishi ni kura ya mteja, na yeye hana muda wa kuhesabu kura. Mwisho wa Juni, mwenye kopo jepesi kuliko yote anafungasha virago.

Unacheka? Cheka tu. Sisi tumeshaanza kupenda sarafu kuliko noti. Juzi bwana mmoja alimwachia Tabasamu noti safi, naye akakimbia nayo kwa keshia aibadilishe kwa sarafu ili iwe nzito.

Shida yangu ni wewe, Mjomba. Uliponifundisha kubeba sahani pale chumbani kwa Mama, ukizijaza maji na kunizungusha kati ya cherehani na kitanda, uliniapisha kitu kimoja: mteja akishika pochi, mpe mgongo. Nami natimiza. Nikishaweka bili nageuka, nasogea kwenye kabati la vijiko, nafuta uma ambazo hazina uchafu. Mteja anadhani nimemdharau. Tabasamu anasimama palepale, macho kwenye pochi kama paka mbele ya ndoo ya samaki, na kopo lake linazidi kunenepa. Langu ukilitikisa linalia kama njuga ya mtoto.

Mshahara wa majaribio ukishalipa kodi ya chumba, kinachobaki ni hela ya sabuni. Nikiachishwa Juni narudi hapo nyumbani na begi langu, na sitaki. Kwa hiyo naomba ruhusa yako nigeuke. Yaani, nisigeuke.

Mpwa wako,
Chiriku

25 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Hapa tunaendelea. Mama yako aling'olewa jino, na kwa siku kadhaa nyumba hii ikawa na amani ambayo sikuitegemea maishani mwangu. Sasa amepona. Bati la upande wangu limeanza kuvuja tena. Fundi alikuja, akatazama juu, akanywa chai, akaondoka. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio.

Mizani ya nyama! Nimefanya kazi chini ya mameneja walevi, nimefanya chini ya mameneja wachoyo, na mmoja alikuwa akificha sukari kwenye sefu. Lakini meneja wa kupima utu wa wafanyakazi pamoja na maini, huyo sijapata kumwona. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba mhudumu si paja la ng'ombe.

Sasa nikuambie kuhusu kazi. Walioniita Mzee Trei hawakuniita hivyo kwa sababu ya kopo. Waliniita hivyo kwa sababu nilivuka ukumbi uliojaa watu na vikombe vya supu bila kumwagia mtu hata tone. Mhudumu anategemea mshahara kwa mwajiri, na kwa mteja anategemea salamu na ahsante. Kinachozidi hapo ni zawadi, na zawadi haisimamiwi. Ulishaona wapi mtu anasimama mlangoni kwa jirani kungoja zawadi? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukihudumia vizuri watakuona, hata kama umewapa kisogo.

Kwa hiyo ruhusa hakuna. Uliahidi. Mteja akishika pochi, unampa mgongo, na usiniulize kwa nini, maana nilikufundisha kazi, sikukufundisha ubishi. Huo ulizaliwa nao, ni wa upande wa mama yako.

Kula vizuri. Huo mlango usiuinue kwa goti, utakuja kunikumbuka.

Ni mimi Mjomba wako

17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya jino. Salamu zangu leo si nyingi, utanisamehe.

Jumanne waliingia mabwana watatu wenye tai. Wakakaa meza yangu. Wakala kuku, wakala samaki, wakarudia kuku, na mmoja akaagiza wali wa kumpelekea mkewe, nikamfungia vizuri na kuongeza tishu. Waliniita dada. Walinisifia mikono. Nikasema moyoni, leo kopo langu litapata uzito. Nikaweka bili. Yule mnene akatia mkono mfukoni.

Nami nikageuka, Mjomba. Nikaenda kufuta uma. Nilifuta kwa heshima zote ulizonifundisha, nikawapa muda, nisionekane nawaharakisha. Nilipogeuka tena, mezani palikuwa na mifupa.

Meneja aliniita mbele ya watu. "Ulikuwa wapi wanaondoka?"

"Nilikuwa hapohapo."

"Hapohapo, unaangalia nini?"

"Kabati."

"Kabati ndilo lililokula kuku?"

Jiko zima lilicheka, mpaka Kimya, ingawa yeye alifunika mdomo. Meneja akaniuliza nani alinifundisha kumwachia mteja ukumbi mzima akimbie. Sikukutaja. Chakula chao chote kinakatwa kwenye mshahara wangu, mwezi huu na ujao, pamoja na ule wali wa mke wa mtu.

Sasa unisikilize na wewe. Unasema mhudumu ategemee mshahara. Mshahara wako wewe ulikuwa mshahara. Ulikuwa na chumba cha wafanyakazi, sare mbili, viatu kila mwaka, na ulipougua ulilipwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nimepewa aproni, na nikiitoboa nailipa. Wateja wa hapa wanajua hivyo, Meneja anajua hivyo, bakshishi siyo zawadi tena, ndiyo chakula changu. Unaniambia chema chajiuza. Haya, na mkono mtupu haulambwi, au huo msemo kwenu haukufika?

Sikuombi ruhusa leo. Nakuomba sababu. Kwa nini nigeuke? Nipe sababu moja ya kumweleza Meneja atakaponiita tena. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa hadithi za vikombe vya supu.

Chiriku

21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo tena, ingawa ile ya kwanza haijaitikiwa. Mama aliniambia kwenye simu kwamba barua yangu ilifika, kwamba uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja na kwenda kumfokea fundi wa bati. Nilipouliza kama umesema lolote, akasema umesema msumari wa inchi tatu hautoshi.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimeusubiri mshindo mpaka masikio yameniuma. Kwa hiyo nakujulisha tu, nimeacha kugeuka.

Siku ya kwanza miguu yenyewe ilitaka kuzunguka, nikaibana. Alikuwa bwana mmoja wa makamo, amekunywa chai na maandazi mawili. Akatoa pochi, akainua macho, akanikuta. Nilidhani atakasirika. Akanitazama mimi, akatazama sarafu mkononi, kisha akaongeza. Nikamwambia ahsante baba, karibu tena. Ilikuwa rahisi hivyo. Miezi yote hii nilikuwa nasugua uma bure!

Mwisho wa Machi kopo langu lilikuwa la mwisho, hata nyuma ya la Kimya. Sasa linapanda. Tabasamu ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni, na zamani alikuwa ananikopesha pini za nywele. Siyo kwamba najisikia vizuri sana. Najisikia kama mtu aliyelipa kodi yake. Wewe hujui hali hiyo, kwa hiyo usinihukumu.

Ukiwa na hasira, iandike. Nitaisoma. Hata matusi yana salamu ndani yake.

Chiriku

10 Mei

Chiriku,

Marahaba zote mbili. Barua zimefika. Bati limezibwa, kwa msumari wa inchi nne. Mama yako ana kazi nyingi za kushona na anakusalimu. Anasema ukipata nafasi ununue kofuli ya maana ya huo mlango.

Kuhusu wale watatu wenye tai: walikimbia kwa sababu ni wezi, si kwa sababu wewe una mgongo. Wangekimbia hata ungekuwa umewakalia.

Kuhusu lile jingine, wewe ni mtu mzima.

Daktari wa hapa anataka goti lipigwe picha, na mashine iko hospitali ya huko uliko. Sijui nitakuja lini. Usinisubiri, una kazi.

Mjomba

3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wewe na Mama hamjambo? Mimi sijambo. Kofuli nimenunua. Jogoo wa jirani ameliwa, na cha ajabu sasa siamki kwa wakati.

Mei imepimwa. Kopo langu limekuwa la kwanza. Meneja aliliinua juu kama kombe la mpira na kusema, mnaona, mtu akijirekebisha. Mpishi akapiga sufuria kwa mwiko. La Kimya lilikuwa jepesi kuliko yote, naye akapiga makofi pamoja nasi, polepole. Nilitarajia nitafurahi zaidi ya nilivyofurahi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu walijaa mno, sikupata hata nafasi ya kuona nani kaingia na nani katoka.

Goti likoje? Ulishapigwa picha? Na ile kofia yako ya kahawia, ile yenye ukingo uliotafunwa na panya, bado unaivaa au ulishaigawa?

Nijibu, tafadhali. Hata kuhusu kofia tu.

Chiriku

15 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba. Mama yako mzima, bati zima, kofia ipo. Hiyo kofia isingekujia akilini bila sababu, kwa hiyo tuache kuchezeana. Nilikuja.

Nilipigwa picha asubuhi ile ya Jumamosi, wakanipa bahasha kubwa ya picha ya goti, na nikasema nisiondoke mjini bila kumwona mtoto. Nilitaka kukushtukiza. Nilimwambia Meneja nataka meza yoyote, nikafikiri nitakuita baadaye. Akaniweka kwa huyo Tabasamu wako. Nikaagiza chai, nikakutafuta kwa macho, na nikakuona.

Ulikuwa unapita katikati ya meza na trei begani, umeinyanyua vizuri kabisa, kiwiko ndani, macho mbele. Chiriku, nilivimba kwa fahari. Nilikaribia kumgusa bwana wa meza ya pili nimwambie, yule pale ni mpwa wangu, nilimfundisha mimi, kwa sahani za maji.

Kisha ukaenda kwenye ile meza iliyo chini ya feni. Kijana na mkewe. Shati la kijana lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Ukaweka bili, akashika pochi, nawe ukasimama. Akaweka sarafu, ukatazama. Akaongeza, ukatazama. Mkewe alikuwa ameanza kufunga mkate uliobaki kwenye tishu, akauacha. Kijana akatoa ile noti aliyokuwa ameikunja peke yake nyuma ya pochi, mbali na nyingine, akaiweka. Nawe ukasema ahsante kaka, karibu tena. Yule bwana wa meza ya pili sikumgusa.

Uliniomba sababu Machi na nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu sababu yenyewe inaishi na mimi nyumba moja, inashona nguo, na haijui.

Kabla sijawa mhudumu nilikuwa mbeba mizigo sokoni. Mama yako alikuja mjini kunitembelea, msichana bado, amevaa viatu vipya vilivyombana. Nilikuwa nimelipwa. Nikampeleka kula mahali penye vitambaa mezani, kwa sababu hakuwahi kuona. Yeye nikamwagizia wali na kuku, mimi nikajidai sina njaa, nikanywa supu. Alikula kwa adabu, akikata vipande vidogo, ili chakula kisiishe upesi. Bili ikaja na hela nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo yote, na nauli yetu ya kurudia pembeni. Lakini mhudumu akasimama. Hakusema neno. Angesema ningemjibu, nilikuwa na mdomo siku zile. Alisimama tu akitazama mkono wangu, na dada yangu alikuwa anatazama pia. Nikaweka nauli yote. Tukatoka. Nikamwambia dada yangu, tutembee kidogo, nimeshiba mno. Kidogo! Tulitembea mji mzima, yeye ameshika viatu mkononi, na kila nikigeuka kumtazama ananichekea. Sijawahi kumwambia mpaka leo. Nilipopata kazi ya trei nilijiapiza kwamba mtu yeyote akishika pochi mbele yangu atakuwa peke yake na pochi yake.

Sasa usikie la kuchekesha. Jumamosi ile, nilipotaka kulipa chai, Tabasamu akasimama. Macho kwenye mkono wangu, meno nje. Mimi, Mzee Trei, niliyefundisha watu kazi hii! Nikaacha noti ya nauli ya basi la mjini, nikaacha na nusu ya chai, nikatembea hadi stendi, goti langu chini yangu na picha yake kwapani. Mara ya pili maishani nimetembezwa na macho ya mhudumu.

Nimekasirika. Sijui kama ni wewe, au huyo meneja, au mimi niliyeondoka bila kukuita. Nimekasirika tu.

Mjomba

2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limekusamehe.

Nilikuona. Niliiona kofia kabla ya uso, nikajua. Lakini nilikuwa nimeshafika chini ya feni, na bili ilikuwa tayari mkononi mwa kijana. Nilisema moyoni, nikigeuka sasa, Mjomba atajua nimegeuka kwa ajili yake, na Meneja yuko kaunta, na kesho makopo yanapimwa. Kwa hiyo nilisimama. Nilitazama huo mkono ili nisikutazame wewe. Kisha nikaingia jikoni nikamwambia mpishi tumbo linaniuma, nikakaa juu ya gunia la vitunguu mpaka Tabasamu akaja kuniambia kuna mzee kaacha noti na nusu ya chai. Nilitoka mbio. Nilikuona ukiwa umevuka barabara, unachechemea, bahasha kwapani. Sikuita. Nilidhani unaelekea kituoni kupanda basi.

Na mimi nimekasirika, tusidanganyane. Nimekuomba sababu kwa miezi, nawe ulikuwa nayo mfukoni! Ungeniambia Februari ningejua ninachokitunza. Uliniachia amri peke yake, na amri bila sababu haivumilii njaa. Wale wenye tai wangekimbia vilevile, sawa. Lakini nisingekuwa nasubiri barua huku nakuchukia, na ujue kuna wiki nilikuchukia.

Lakini nilipomaliza kukuchukia niliwaza makopo. Wewe unalaumu macho yangu, mimi nalaumu mshahara, Tabasamu analaumu wateja wagumu, na yule kijana nadhani alijilaumu mwenyewe njia nzima. Aliyeleta mizani halaumiwi na mtu.

Juni Tabasamu alivimba shavu. Jino, kama Mama. Hakuweza kucheka wiki nzima na zaidi, na kopo lake likakonda karibu na la Kimya. Ndipo akanijia asubuhi ya siku ya kupimwa, kabla Meneja hajafika, akasema, "Chiriku, wewe umepita. Kati yangu na Kimya nani atatoka?" Kimya alikuwa hapo, anakata limao, hakuinua kichwa.

Nikashusha langu kutoka kwenye rafu. Nikalifungua kwa mpini wa kijiko na kulimwaga juu ya meza ya kukandia unga. Sikusema lolote la maana, Mjomba, nilisema tu, "Leteni na yenu kabla sijabadili mawazo." Maana nilikuwa naona sarafu zangu zinavyobingirika kwenye unga na roho iliniuma kweli. Mpishi akafunga mlango, akaleta mizani ya nyama. Tukayajaza makopo yote matatu, tukipima, tukitoa, tukirudisha, mpaka mshale ukasimama mahali pamoja kwa yote. Kimya ndipo akatoa neno refu kuliko yote niliyowahi kumsikia. Akasema, "Hilo la kwangu bado linataka sarafu moja." Tukacheka mpaka Tabasamu akashika shavu na kulia.

Meneja akapima. Akapima tena. Akayabadilisha nafasi. Akapima paja la mbuzi, kuhakikisha mizani haijaharibika, akarudi kwenye makopo. Mshale ulikataa kabisa kumsaidia. Akatutazama mmoja mmoja, sote tumeweka mikono nyuma, unga bado uko kwenye kucha zangu. Nikamwomba pale pale kopo liwe moja, letu sote na jikoni. Akasema akitaka ushauri ataomba. Basi uamuzi wake ni huu: hakuna aliyetoka na hakuna aliyepita. Ametuongezea mwezi wa majaribio, wote watatu, kwa mshahara uleule, na amenunua kofuli tatu za makopo. Funguo anatembea nazo shingoni. Kwa hiyo sijapata kazi na sijakosa kazi, na kodi ya chumba inadaiwa wiki ijayo. Lakini kofuli ziko kwenye makopo, hazipo kwenye midomo yetu. Kila sarafu kabla haijaingia tunaulizana nani ana jepesi.

Na nimeanza tena kugeuka. Siyo kwa wote, usijivune. Wenye pochi nene wanaoniita kwa kupiga vidole nawakodolea mpaka waone haya. Anayehesabu chini ya meza nampa mgongo, tena naenda mbali.

Jambo moja zaidi. Nilimpigia Mama, sikumwambia kitu, nilimuuliza tu kuhusu siku uliyompeleka kula mjini. Hata sikumaliza swali. Anakumbuka kila kitu. Anasema mlipotoka ulikataa basi makusudi ili umtembeze kwenye maduka, na kwamba mlisimama kwenye dirisha moja lililokuwa na nguo ya kike yenye mikono ya kuvimba, akaitazama mishono yake yote mpaka ukamvuta. Hapo ndipo alipoamua atakuwa fundi. Anasema mpaka leo hajapata kutembea matembezi mazuri kama yale, na viatu alivivua kwa raha zake. Sasa amua mwenyewe kama utamwambia.

Njooni Jumamosi yoyote, nyinyi wawili. Ile meza ya chini ya feni ni yangu. Nauli yenu ya kurudi nimeshaitenga, msitembee. Ukishika pochi nitakupa mgongo mbele ya Meneja mwenyewe, na nitausimamisha wima aone ni mafunzo ya nani. Ila usiondoke bila kuniachia kitu, Mjomba, tafadhali sana. Na ziwe sarafu, maana mizani bado ipo.

Mpwa wako,
Chiriku